Ukishuka kutoka nchi ya chai, jiandae kama mgeni

Kila mwaka shule zinapofungwa kwa likizo ya Desemba, vituo vya magari vya Kericho, Litein, Sotik na Bomet hufurika wasafiri. Wafanyakazi wa mashamba ya chai huwapeleka watoto kuwaona babu na nyanya kule Siaya, Busia, Homa Bay na Migori. Wakulima wadogo ambao wamepokea bonasi yao huenda Kisumu kununua bidhaa, na wenye uwezo zaidi hufululiza hadi Mombasa kuiona bahari. Matayarisho huwa ni yale yale: nguo mpya, pakiti za majani ya chai za kuwapelekea wenyeji, nauli, na simu ya kuarifu kwamba tumeshang'oa nanga. Dawa, chandarua na mashauri ya daktari havimo.

Ukiwauliza sababu, jibu huwa jepesi: "Mimi si Mzungu. Nimezaliwa hapa Kenya. Malaria naijua." Kwa bahati mbaya, jibu hili ndilo huwafikisha baadhi yao hospitalini mwezi wa Januari wakiwa taabani, na si wote wanaotoka wakiwa hai.

Ukweli ni kwamba, kwa upande wa malaria, mtu wa Kericho au Bomet anayeshuka ziwani ni mgeni kama vile mtalii anayetua kutoka Ulaya. Tofauti yao ni kuwa mtalii huambiwa kwamba yeye ni mgeni, akapewa dawa na akafundishwa kutumia chandarua kabla ya kupanda ndege. Mtu wetu hupanda matatu na baada ya saa mbili amefika, bila mtu yeyote kumwambia lolote. Wewe unayesoma makala haya ukiwa Nairobi, Nakuru au Eldoret usidhani hayakuhusu, maana miji hiyo pia imo katika nyanda za juu na wakazi wake wamo katika hatari iyo hiyo.

Kilomita 80 zinazobadilisha kila kitu

Kutoka Kericho hadi Kisumu kwa barabara ni takriban kilomita 80. Mashamba ya chai yako karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Gari likipita Kapsoit na kuteremka kuelekea Awasi, majani ya chai hutoweka, miwa huchukua nafasi yake, na wasafiri huanza kuvua makoti. Likifika Ahero, penye mashamba ya mpunga yanayonyunyiziwa maji, umeshashuka zaidi ya mita 800. Kisumu yenyewe iko mita 1,100 na kidogo hivi.

Mteremko huo una maana kubwa kwa mbu na kwa kimelea cha malaria. Mbu jike aina ya Anofelesi anapomwuma mgonjwa, hunyonya vimelea pamoja na damu. Vimelea hivyo haviwezi kumwambukiza mtu mwingine papo hapo. Ni lazima kwanza vikue na kuongezeka ndani ya mwili wa mbu, na kukua huko hutegemea joto. Mahali penye joto kama Kisumu, kazi hiyo huchukua siku kumi hivi au zaidi kidogo. Joto likishuka hadi nyuzi 18, huchukua wiki nyingi, na mbu walio wengi hufa kabla haijakamilika. Likishuka chini ya nyuzi 16, kazi husimama kabisa. Mbu wapo Kericho, lakini kwa sehemu kubwa ya mwaka baridi huwanyima nafasi ya kueneza maradhi.

Matokeo yake yanaonekana katika hesabu. Uchunguzi wa malaria uliofanywa kote nchini mwaka 2020 ulipima damu ya watoto wa umri wa miezi 6 hadi miaka 14. Katika eneo la ziwa, watoto 19 hivi kwa kila 100 walipatikana na vimelea. Katika nyanda za juu za magharibi, ambamo Kericho na Bomet zimo, hawakufika hata wawili kwa kila 100. Hizo ni kama nchi mbili tofauti, na kati yake pana safari ya asubuhi moja.

Kinga hailetwi na ukoo

Wapo watakaosema: "Lakini mbona wenyeji wa ziwani wanaishi huko na hawafi?" Swali hili ni zuri na yafaa lijibiwe kwa makini.

Mtoto anayezaliwa mahali penye malaria nyingi huumwa na mbu wenye vimelea tangu akiwa mchanga. Huugua mara kwa mara, na wengi wamepotea katika umri huo. Wanaonusurika hujenga kinga kidogo kidogo, hata wakifika utu uzima wanaweza kuwa na vimelea katika damu na wasiugue sana. Kinga hiyo haizuii maambukizo. Hupunguza tu ukali wake, nayo hudumu kwa sababu inakumbushwa na mbu kila msimu. Ukiondoka mahali pale na kukaa miaka bila kuumwa, hupungua.

Mtu wa milimani hakuwahi kuijenga. Ndiyo sababu malaria inapoingia nyanda za juu haichagui watoto peke yao bali huwaangusha hata watu wazima wenye nguvu. Historia inashuhudia. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, wanajeshi waliorejea kutoka Tanganyika walikuja na vimelea katika damu, na mwaka 1918 na 1919 malaria ikazuka katika nyanda za juu za magharibi. Miaka ya 1940 ilizuka Londiani, mahali pa baridi ambapo wengi hawakutarajia. Tena katika miaka ya 1990 mashamba makubwa ya chai ya Kericho yalipatwa na milipuko karibu kila mwaka, hasa kati ya Mei na Agosti baada ya mvua ya masika, wakati ambapo klorokwini ilikuwa imeanza kushindwa na vimelea. Serikali iliacha kuitegemea klorokwini mwaka 1998.

Sasa chukua mfano wa mfanyakazi wa chai aliyezaliwa Siaya na ambaye ameishi Kericho kwa miaka 15. Yeye huamini kwamba anaporudi Siaya anarudi kwao, na ni kweli. Shamba ni lake, makaburi ya wazee wake yako pale. Lakini damu yake haitambui hati ya shamba. Kinga aliyoijenga utotoni imefifia. Mke wake, ikiwa ni mzaliwa wa Bomet, hakuwa nayo tangu mwanzo. Na watoto wao watatu waliozaliwa kambini, penye baridi, wanaingia Siaya wakiwa hawana kinga yoyote, huku binamu zao wa rika moja wanaocheza nao wakiwa wameshaonja malaria mara nyingi. Watoto wote watalala chumba kimoja na kuumwa na mbu wale wale. Asubuhi ya siku ya kumi na mbili, ni wale wageni ambao hawataamka kucheza.

Jambo hili si la Kenya tu. Huko Uingereza, watu walio wengi kati ya wanaorudi na malaria kutoka nchi za nje si watalii wa mbugani bali ni wahamiaji wa asili ya Afrika na watoto wao, waliokwenda kuwatembelea jamaa. Nao husema maneno yale yale: "Nakwenda kwetu, dawa za nini?" Kericho ni London ndogo kwa jambo hili.

Wiki mbili kabla ya kuondoka

Matayarisho ya kwanza ni kumwona daktari au mfamasia aliyehitimu, ikiwezekana wiki mbili au tatu kabla ya safari. Mweleze unakokwenda, utakaa siku ngapi, utalala wapi, na kama una mimba au maradhi mengine. Zipo dawa za kuzuia malaria, lakini hakuna hata moja inayomfaa kila mtu.

Ya kwanza ni mchanganyiko wa atovakwoni na proguanili. Humezwa kila siku pamoja na chakula, kuanzia siku moja au mbili kabla ya kufika, muda wote uwapo huko, na siku 7 baada ya kuondoka. Inafaa safari fupi, ila bei yake ni ya juu kuliko nyingine. Kuna kipimo cha watoto.

Ya pili ni doksisaiklini. Nayo humezwa kila siku, huanzwa siku moja au mbili kabla, lakini ni lazima iendelee kwa wiki 4 baada ya kurudi. Bei yake ni nafuu. Haifai kwa mwanamke mja mzito wala kwa mtoto wa chini ya miaka 8. Imeze kwa maji mengi ukiwa umekaa au umesimama, usilale mara moja, kwani huweza kuchoma koo. Pia hufanya ngozi iungue haraka kwa jua.

Ya tatu ni meflokwini, ambayo humezwa mara moja tu kwa wiki. Huanzwa wiki 2 hadi 3 kabla ya safari na kuendelea kwa wiki 4 baadaye. Mwenye kifafa, au aliyewahi kupatwa na maradhi ya akili au huzuni kubwa, asiitumie kamwe.

Kosa linalofanywa na wengi ni kuacha dawa siku ya kufika nyumbani, wakidhani hatari imebaki ziwani. Vimelea hujificha kwanza katika ini kwa siku kadhaa kabla ya kuingia katika damu. Anayeacha dawa mapema huviachia mlango wazi.

Kosa jingine ni kununua dawa ya kutibu malaria, ile ya mseto wa artemetha na lumefantrini ambayo imependekezwa na serikali tangu mwaka 2004, na kuimeza "kujikinga". Dawa hiyo ni ya mgonjwa aliyepimwa. Haikutengenezwa kwa ajili ya kuzuia. Wala usimwombe mwenye duka klorokwini kwa kuwa eti ndiyo iliyomponya babu yako. Ilimponya babu, lakini vimelea vya leo si vile vya babu.

Wazazi wengine wameniuliza kuhusu chanjo. Chanjo ya malaria ilianza kutolewa nchini mwaka 2019 kwa watoto wachanga katika baadhi ya sehemu za eneo la ziwa. Dozi zake hutolewa moja baada ya nyingine kwa miezi mingi, kuanzia umri wa miezi 6. Ni msaada mkubwa kwa mtoto anayeishi huko, lakini haikukusudiwa kumkinga msafiri wa wiki mbili. Usingoje chanjo. Nunua chandarua.

Chandarua kiwe cha kwanza kupakiwa

Mbu wa malaria huuma hasa kuanzia jioni hadi alfajiri, na wengi wao huuma watu wakiwa usingizini. Kwa hiyo chandarua kilichotiwa dawa bado ni kinga isiyo na mfano. Tatizo la mgeni ni kuwa mwenyeji huwa na vyandarua vya vitanda vyake, wala si vya watu saba waliofika jioni na kutandikiwa mikeka sebuleni. Usimtie mwenyeji wako katika aibu ya kukuomba radhi. Beba chako.

Hesabu mahali pa kulala, si watu. Kama watoto watatu watalala godoro moja, chandarua kimoja kikubwa kinawatosha. Beba pia kamba ya mita kumi na misumari michache, kwa sababu chandarua kisicho na mahali pa kufungwa hugeuka shuka. Kikunje vizuri chini ya godoro au mkeka pande zote, na mkague kama kuna tundu. Ukikifua, tumia sabuni ya kawaida na ukianike kivulini, kwani jua kali huharibu dawa iliyomo.

Jioni, wavalishe watoto mikono mirefu, suruali na soksi hata kama wanalalamikia joto. Mafuta ya kupaka ya kufukuza mbu yenye dawa iitwayo DEET husaidia wakati wa mazungumzo ya uwanjani kabla ya kulala. Yapake mahali palipo wazi, usipake mikono ya mtoto mdogo maana ataitia mdomoni, na usimpake mtoto wa chini ya miezi miwili.

Mama mja mzito na mtoto mchanga

Katika kaunti za ziwa na Pwani, mama mja mzito anapohudhuria kliniki hupewa vidonge vya kuzuia malaria kama sehemu ya huduma za kawaida. Kericho na Bomet hazimo katika mpango huo, kwa kuwa malaria si ya kila siku huku. Maana yake ni kwamba mama aliyehudhuria kliniki zake zote kwa uaminifu huko milimani anaweza kushuka ziwani akiwa hana hata kidonge kimoja mwilini.

Malaria kwa mja mzito asiye na kinga ni balaa. Hukausha damu, huharibu kondo la nyuma, huleta kuharibika kwa mimba au mtoto mwenye uzito mdogo, na huweza kumwua mama mwenyewe. Ushauri wangu ni huu: ikiwa safari yaweza kuahirishwa mpaka baada ya kujifungua, iahirishwe. Wakwe wataelewa wakielezwa, hasa wakielezwa na mume. Ikiwa haiwezekani, mama aende kliniki kwanza aelekezwe dawa inayomfaa kwa umri wa mimba yake, na asilale nje ya chandarua hata usiku mmoja.

Kwa mtoto wa chini ya miezi sita, dawa za kuzuia zina matatizo ya kipimo. Kinga yake kubwa ni chandarua, usiku na hata anapolala kabla ya giza kuingia.

Safari ya ghafla ya matanga

Si kila safari hupangwa. Simu hulia usiku kwamba mzee ametutoka, na kesho yake basi zima limejaa waombolezaji. Hizi ndizo safari za hatari zaidi, kwa sababu watu hukesha nje, hulala kwenye viti au chini ya maturubai, na hakuna anayethubutu kutaja chandarua mbele ya maiti.

Hata hapo pana la kufanya. Dawa mbili kati ya zile nilizozitaja, yaani ile ya atovakwoni na proguanili pamoja na doksisaiklini, zaweza kuanzwa siku moja tu kabla ya safari. Kama chama chenu cha mazishi kina mweka hazina, anaweza kumpigia mfamasia simu wakati wengine wanakodi gari. Blanketi zito la Kericho na soksi humsaidia anayekesha. Nao watoto wadogo, ikiwa kuna jirani mwema, waachwe nyumbani.

Maji, chakula na ziwa

Malaria ndiyo adui mkubwa lakini hayuko peke yake. Kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara hupatikana mahali popote penye maji machafu, na mgeni huwa hajui ni kisima kipi wenyeji wanakiepuka. Kunywa maji yaliyochemshwa au yaliyotiwa dawa. Kwa sababu ya mwinuko, maji ya Kericho huchemka yakiwa na joto la nyuzi 93 hivi badala ya 100. Viini hufa hata hivyo, lakini yaache yatokote dakika tatu nzima kabla ya kuyajaza chupani. Kula chakula kingali moto, na matunda uyamenye mwenyewe.

Beba pakiti chache za chumvi ya kurudisha maji mwilini. Zikikosekana, changanya lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mpe mtoto anayehara kidogo kidogo, huku ukimpeleka kituo cha afya.

Nalo ziwa, lisikudanganye kwa uzuri wake. Konokono wa ukingoni mwa Ziwa Viktoria hubeba viini vya kichocho, vinavyopenya ngozi ya anayeoga, anayefua au anayetembea majini hata kwa dakika chache. Mifereji ya mashamba ya mpunga ina hatari iyo hiyo. Aina ya kichocho cha ziwani hushambulia matumbo na ini, na dalili zake, kama vile damu katika choo, zaweza kuchelewa wiki au miezi. Dawa ipo, ni prazikwanteli, lakini ni lazima kwanza umwambie daktari kuwa uliingia ziwani. Huko Mombasa, maji ya chumvi ya bahari hayana kichocho, ila mito na mabwawa ya Pwani ni hadithi nyingine.

Anayenuia kuvuka mpaka kwenda Uganda au Kongo achanjwe homa ya manjano walau siku 10 kabla ya kuondoka. Tangu mwaka 2016 cheti chake hutambuliwa maisha yote, kwa hiyo kitunze pamoja na pasipoti.

Wenye shinikizo la damu na kisukari

Anayetumia dawa kila siku abebe za siku zote za safari na za wiki moja ya ziada. Dawa zikae katika mfuko wa mkononi, wala si katika sanduku lililofungwa juu ya paa la gari penye jua na vumbi. Abebe pia karatasi yenye majina na vipimo vya dawa hizo, kwa sababu daktari wa Busia hawezi kukisia "kile kidonge cheupe cha asubuhi".

Joto la nchi tambarare humtoa mtu jasho asilolizoea. Mwenye kutumia vidonge vya kupunguza maji mwilini aweza kuona kizunguzungu anaposimama. Anywe maji ya kutosha, na amwone daktari kabla ya kupunguza dawa. Insulini isiachwe garini. Mahali pasipo na friji, itie ndani ya mfuko usiopenya maji, uuweke katika chungu kilichozungushiwa kitambaa chenye unyevu, kivulini.

Umerudi, lakini safari haijaisha

Sehemu hii ndiyo inayookoa maisha kuliko zote. Baada ya kuumwa na mbu mwenye vimelea, malaria kali haijitokezi mara moja. Huchukua angalau siku 7, mara nyingi wiki mbili, na huweza kuchelewa hata miezi mitatu. Kwa hiyo walio wengi huugua wakiwa wamesharudi milimani.

Na huko milimani ndiko linakotokea kosa. Mtu amerudi kutoka kwenye joto, amepokewa na ukungu na manyunyu ya Kericho, anatetemeka na kuumwa kichwa. Familia nzima inakubaliana kwamba ni mabadiliko ya hewa. Anapewa chai ya tangawizi, panadol na blanketi la pili. Siku ya tatu anatapika, na sasa inasemekana alikula kitu kibaya njiani. Siku ya nne anaongea maneno yasiyoeleweka. Malaria ya asiye na kinga haingojei siku nne. Yaweza kumtoa mtoto katika kucheza na kumfikisha katika kupoteza fahamu kwa muda wa siku moja au mbili.

Basi kanuni ni hii: homa yoyote inayompata mtu katika miezi mitatu baada ya kurudi kutoka ziwani, Pwani au nchi jirani zenye malaria ihesabiwe kuwa malaria mpaka damu ipimwe. Nenda kituo cha afya siku iyo hiyo. Sentensi ya kwanza utakayomwambia mhudumu isiwe "naumwa kichwa" bali "nilikuwa Homa Bay, nimerudi tarehe fulani". Huku baridini mhudumu aweza kufikiria kwanza mafua au kichomi, na hana njia ya kuijua safari yako usipoitaja. Omba damu ipimwe malaria, kwa hadubini au kwa kile kipimo cha haraka cha tone la kidole. Kipimo kikisema hapana na homa ikiendelea, kirudiwe kesho yake.

Ukipatikana nayo, maliza dozi yote. Artemetha na lumefantrini humezwa mara sita kwa siku tatu: dozi ya pili saa 8 baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili. Imeze pamoja na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa, hata mursik, kwa sababu mafuta huisaidia kuingia mwilini. Usimgawie jirani nusu yake kwa kuwa umepata nafuu siku ya pili.

Zipo dalili zisizongoja foleni: degedege, kutapika kila kitu, kushindwa kukaa au kusimama, kuchanganyikiwa, kupumua kwa shida, macho ya manjano, na mkojo mweusi kama chai ya rangi. Mgonjwa wa namna hiyo anahitaji hospitali yenye sindano ya artesunati, na anaihitaji sasa. Kodi gari, hata kama ni usiku.

Nimalizie kwa kazi ya dakika moja. Siku utakayorudi nyumbani, kabla hujafungua mizigo, chukua kalamu uiendee kalenda iliyoko ukutani. Hesabu miezi mitatu kuanzia siku hiyo, uitie alama ya mwisho, na uandike kando yake jina la mahali mlikotoka. Mpaka alama hiyo ipite, mtu yeyote wa nyumba hiyo akipatwa na homa, msijadili hewa. Mpelekeni akapimwe.